Njaa ni Mjumbe, si Mtawala

Darsa ya Ramadhani iliyotolewa baada ya sala ya Tarawehe mbele ya wanajumuiya, Maskati. Imenukuliwa kutoka katika sauti iliyorekodiwa, na mhadhiri mwenyewe ameipitia.



Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba kwa kipimo na kuruzuku kwa hekima. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake, masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, mama zetu na dada zetu mlioko nyuma ya pazia, na nyinyi mtakaoisoma darsa hii mkiwa mbali nasi, Dubai, London, Toronto na kwengineko: usiku wa leo tumekusudia kuzungumza juu ya njaa. Huenda mtu akastaajabu. Tumeshinda nayo mchana kutwa, na sasa sheikh anaturejeshea usiku! Lakini tuna sababu, na sababu yenyewe ni kosa letu sisi. Tutaanza nalo.

Miaka michache iliyopita, siku chache kabla ya mwezi kuandama, alitujia mzee wetu mmoja baada ya sala ya isha. Akatwambia: "Sheikh, daktari amenikataza kufunga, nami naona haya mbele ya wajukuu zangu. Wao wafunge, mimi babu yao nile?" Tulikuwa tumeshika ufunguo wa gari mkononi, tuna haraka ya kwenda pengine. Tukamjibu: "Jikaze mzee wetu, subira ina malipo makubwa." Hatukumuuliza ana maradhi gani. Hatukumuuliza anatumia dawa gani. Siku ya tisa ya mfungo, baada ya alasiri, wanawe walimkuta ameanguka mlangoni, jasho linamtiririka, hamtambui mtu. Alikuwa anajichoma sindano za insulini, na sukari yake ilikuwa imeshuka mno. Alhamdulillahi, Mwenyezi Mungu alimponya. Tulipokwenda kumtazama, yeye ndiye aliyetuomba radhi sisi kwa kutusumbua.

Basi tangu siku ile tumejilazimisha kujifunza tusiyoyajua. Tulisoma fiqhi ya saumu chuoni miaka mingi, lakini tumbo lenyewe, ambalo saumu inapita ndani yake, hatukulisoma. Tumekaa na madaktari wa jumuiya yetu, tumewauliza maswali ya mtoto mdogo, wakatujibu kwa subira. Tunayoyasema usiku huu ya tiba ni ya kwao. Ya fiqhi ni ya wanavyuoni wetu. Na makosa, yakiwepo, ni ya kwetu.

Ndani ya mwili wa mwanadamu, na ndani ya mwili wa mnyama, mna wajumbe wanaotembea na damu. Kiungo kimoja huwatuma, kiungo kingine huwapokea. Wataalamu wanawaita homoni. Wa kwanza kulitumia jina hilo kwa maana hii ni Ernest Starling wa London mwaka 1905, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha. Miaka mitatu kabla yake, yeye na mwenzake William Bayliss walikuwa wamemgundua mjumbe mmoja anayetoka katika utumbo na kuliamrisha kongosho litoe maji yake ya kusagia chakula. Tangu hapo wameendelea kugunduliwa wajumbe wengine wengi, na baadhi yao kazi yao ni kuulizia chakula au kukikataa.

Mjumbe wa njaa anaitwa grelini. Amegunduliwa juzi tu, mwaka 1999, na wataalamu wa Kijapani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa pamoja na wenzao. Hutoka hasa katika tumbo, akapanda hadi sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, akapiga hodi: wakati wa kula umefika. Mtu akila, mjumbe huyu hurudi nyuma.

Mjumbe mwengine anaitwa leptini. Huyu hutoka katika mafuta ya mwili, na kazi yake ni ya karani wa ghala: huupelekea ubongo hesabu ya akiba iliyopo. Aligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kwa kuwachunguza panya waliozaliwa bila ya kuweza kumtengeneza. Panya wale walikuwa hawashibi. Ghala limejaa mpaka mlangoni, lakini karani hayupo, na ubongo unadhani nyumba imo katika ukame.

Na wapo wajumbe wa shibe wanaotoka katika utumbo chakula kinapofika huko. Hawa huuambia ubongo: yatosha. Tuwaweke hawa akilini, kwani tutawarejea tutakapofika kwenye futari.

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu ametuelekeza katika Suratul Ghashiya tumtazame ngamia alivyoumbwa, na katika Suratul An'am ametufundisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Basi na tuwatazame walio karibu nasi hapa Omani.

Mbele ya pwani yetu, magharibi ya Maskati, viko visiwa vya Daymaniyat, ambavyo tangu mwaka 1996 ni hifadhi. Huko hupanda ng'amba kutaga mayai. Wazee wetu wa Unguja na Lamu wanamjua ng'amba vizuri, kwani gamba lake ndilo lililokuwa likichongwa vitana na mapambo. Ng'amba jike hutaga zaidi ya mara moja katika msimu mmoja, akipumzika kiasi cha wiki mbili baina ya mtago na mtago, na muda huo wote hula kidogo sana au hali kabisa. Anaishi kwa akiba aliyokuja nayo. Wataalamu waliowapima ng'amba huko Brazil, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliona kwamba leptini ya ng'amba hupungua kadiri msimu wa kutaga unavyoendelea, na grelini hupanda kuelekea mwisho wake. Yaani mwanzo wa msimu karani anasema ghala limejaa, tulia, fanya kazi yako. Na kazi inapokaribia kwisha, mjumbe wa njaa anapiga hodi: sasa rudi baharini ukale.

Tukienda kusini, mkabala wa kisiwa cha Masirah, iko pwani ya Barr al Hikman. Kila msimu wa baridi hukusanyika hapo ndege wa pwani kwa malaki, wengi wao kutoka nchi za mbali za kaskazini. Kabla ya kurudi kwao hula kwa pupa, na wako miongoni mwao wanaokaribia kuuzidisha uzito wao mara mbili. Kisha huruka, na wakiwa angani hawali. Hakuna anayewaambia tarehe. Urefu wa mchana unapobadilika, wajumbe wa ndani ya miili yao hubadilika nao, na hamu ya kula hupanda na kushuka kwa majira.

Na hapa kuna ajabu nyengine. Wataalamu walipoitia grelini katika ubongo wa vifaranga vya kuku, walitaraji vitakula zaidi, kama afanyavyo panya. Vifaranga vikapunguza kula. Mjumbe ni yule yule, lakini katika umma ule anasomeka kinyume. Basi asikwambieni mtu kwamba mambo haya ni ya kubahatisha. Kila kiumbe amepangiwa namna yake ya kutafuta riziki na namna yake ya kujizuia.

Sasa tumgeukie mwanadamu. Ng'amba hafungi kwa niya. Amezuiwa na umbile lake, na mjumbe wake wa njaa amelala. Sisi mjumbe wetu yu macho. Saa saba ya mchana anapiga hodi, tunamsikia vizuri, jikoni kupo, chakula kipo, hakuna mtu anayetuona, na hatufungui mlango. Hapo ndipo ilipo ibada. Laiti Mwenyezi Mungu angetuondolea njaa mwezi huu kama alivyomuondolea ng'amba, tungekuwa tunashinda bila ya kula, lakini tungekuwa tumemtolea nini?

Na jambo la kutia moyo ni hili. Mjumbe wa njaa ana ada. Huja zaidi katika saa zile alizozoea kupewa. Wataalamu waliwapima watu waliokaa zaidi ya siku nzima bila ya chakula, wakaona grelini inapanda katika nyakati za milo ya kawaida, kisha inashuka yenyewe, ingawa mtu hakula kitu. Haipandi moja kwa moja mpaka mtu apasuke. Basi wewe kijana unayefunga kwa mara ya kwanza, na wewe unayefanya kazi mahali ambapo wenzako wanakula mbele yako: ile saa ngumu si mwanzo wa saa ngumu zaidi. Ni wimbi. Likifika, ujue litapita.

Wahenga wetu wamesema mjumbe hauawi. Nasi twaongeza: wala hatawazwi. Hatumchukii mjumbe wa njaa, kwani bila ya yeye mtoto mchanga asingelia na mgonjwa asingetaka uji. Lakini hatumkalishi kwenye kiti cha enzi akatuamrisha. Mchana wa Ramadhani tunamsikiliza na kumwambia: ngoja, Mwenye nyumba hajaruhusu.

Lakini tuulizane kwa uaminifu: na usiku je? Mchana tumemvua taji, usiku tunamvisha. Adhana ya magharibi haijamalizika, mkono mmoja una sambusa, mwengine una gilasi ya Vimto, na macho yako kwenye kaimati. Mezani pana shurba, harisi, mkate wa kumimina, tambi, muhogo wa nazi, na biriani inasubiri zamu yake. Hatuviharamishi vyakula hivi. Baadhi yake ndivyo vinavyotukumbusha mama zetu. Tunasema juu ya kasi na kiasi.

Wale wajumbe wa shibe tuliosema tuwaweke akilini hawatoki mpaka chakula kifike katika utumbo, na kazi yao hawaikamilishi kwa dakika moja. Robo saa inaweza kupita, na zaidi, kabla ubongo haujapata habari kamili. Anayekula kwa pupa humaliza sahani ya tatu ilhali mjumbe wa sahani ya kwanza bado yuko njiani. Kisha wote wanafika kwa pamoja, na mtu hawezi kuinama kwenye rukuu ya Tarawehe. Haraka haraka haina baraka.

Tazameni sasa mafundisho ya Mtume wetu, sala na salamu zimshukie. Alikuwa akifuturu kwa tende, na asipozipata kwa maji, kabla ya kusali magharibi. Anayefuturu hivyo, akasali, kisha akarudi kwenye chakula, amewapa wajumbe wake muda wa kutembea. Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi ametufundisha kuwa tumbo ndicho chombo kibaya zaidi mtu kukijaza, na kwamba akiwa hana budi basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Tufahamiane vyema: hatusemi kwamba Sunna ilikuwa ikisubiri maabara iithibitishe. Hatufungi kwa ajili ya kupunguza uzito. Tunafunga kwa sababu tumeamrishwa, na makusudio, kama tulivyofundishwa katika Suratul Baqara aya ya 183, ni uchamungu. Tunachosema ni kwamba aliyetuumba na aliyetuamrisha ni Mmoja, basi tusistaajabu amri yake ikilingana na umbile alilolitengeneza.

Jambo jengine ni usingizi. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago waliowachunguza wanaume 12 vijana wenye afya. Kwa usiku mbili walilazwa saa nne tu kila usiku. Leptini yao ikashuka kwa asilimia 18, na grelini ikapanda kwa asilimia 28. Watu 12 ni wachache, na hatujengi nyumba juu ya nguzo moja. Lakini kila mmoja wetu anaijua njaa ya mtu aliyekesha. Na sisi hapa mji wetu haulali Ramadhani. Tunakaa barazani mpaka saa tisa za usiku, si kwa kisimamo wala kwa Qur'ani, bali kwa soga na simu. Kisha tunalalamika kuwa saumu ni nzito.

Sasa turejee kwa mzee wetu, kwani kwa ajili yake tumekaa hapa.

Insulini nayo ni homoni, na hutoka katika kongosho. Mtu akila, hupanda, ikaiingiza sukari ya damu katika misuli na viungo. Mtu asipokula, hushuka, na mjumbe mwenzake, glukagoni, huliambia ini litoe sukari liliyoiweka akiba. Hivyo ndivyo mtu mzima wa afya anavyofunga saa 13 na sukari yake ikabaki mahala pake. Lakini mwenye kisukari anayetumia sindano, ile insulini ya chupa haijui kuwa leo ni Ramadhani. Haisikilizi wala haiulizi. Imeshaingizwa mwilini, itafanya kazi yake kwa saa yake, chakula kiwepo kisiwepo. Ndiyo maana mzee wetu alianguka. Hakukosa subira. Alikosa mtu wa kumuuliza swali moja: unatumia dawa gani?

Na maradhi haya si ya mbali nasi. Hapa Omani, katika watu wazima kumi, mwenye kisukari hakosekani, na majumba yetu sisi wenye asili ya Afrika Mashariki hayakusalimika. Kwa hiyo tunasema kwa sauti ambayo hatukuitoa siku ile. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Qur'ani, katika aya zile zile zilizofaradhisha saumu. Si aibu wala si udhaifu wa imani. Ni zawadi ya Mwenyezi Mungu, na zawadi ya Mkubwa hairudishwi. Anayetarajia kupona atalipa siku zake. Asiyetarajia atalisha maskini kwa kila siku. Na Mtume alimfundisha Abdallah bin Amr kwamba mwili wake una haki juu yake.

Mwenye kisukari aonane na daktari wake kabla ya Ramadhani, wiki kadhaa kabla, si usiku wa kuandama mwezi. Aliyeruhusiwa kufunga na apime sukari yake mchana. Madaktari wa kisukari wameweka mipaka: ikishuka chini ya 70 kwa kipimo cha miligramu, ambayo ni 3.9 kwa kipimo cha milimoli, au ikipanda kupita 300, yaani 16.6, avunje saumu yake pale pale, ijapokuwa imebaki nusu saa kufika magharibi. Na kuchoma kidole kwa ajili ya kupima hakufunguzi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa kumi uliofanyika Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba sindano za dawa zisizokuwa za lishe hazifunguzi, wala kutolewa damu ya uchunguzi. Na mwenye kufuata rai nyengine amuulize mwanachuoni wake, lakini asiache kupima.

Tumeulizwa pia juu ya hizi sindano mpya za kupunguza hamu ya kula, zinazozungumzwa sana siku hizi. Zinamuiga mmoja wa wajumbe wa shibe tuliowataja. Mwaka 1992 daktari wa New York, John Eng, alieleza kuwa katika sumu ya mjusi mmoja wa jangwa la Marekani, anayeitwa Gila na anayekula mara chache tu kwa mwaka, kuna kitu kinachofanana na mjumbe huyo, ila kinadumu zaidi. Kutokana nacho ikatengenezwa dawa ya kwanza ya jamii hiyo, ikaruhusiwa Marekani mwaka 2005. Aliyeandikiwa na daktari kwa maradhi yake, hiyo ni tiba, na tiba tumeamrishwa. Anayeinunua kwa kificho ili apendeze katika harusi, huyo amuogope Mwenyezi Mungu katika mwili wake, na asimnyime mgonjwa dawa yake.

Na neno la mwisho kwa ndimi zetu. Mwaka 1997 madaktari wa Uingereza walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila ya leptini. Walikuwa wanene kupita kiasi na hawashibi. Walipopewa leptini, hamu yao ilirudi kuwa ya kawaida. Watoto wale hawakuwa walafi, wala wazazi wao hawakuwa wazembe. Kasoro ya namna hiyo ni nadra sana, na wengi wenye uzito mkubwa leptini wanayo tele, ila ubongo wao hauisikii tena vizuri. Basi tunapomcheka mwenzetu kwa mwili wake, au tunapomuona anakunywa maji mchana tukamnong'oneza, tunahukumu kesi ambayo hatukuona ushahidi wake. Kama sisi tulivyomhukumu mzee wetu kwa neno moja, na ufunguo wa gari mkononi.

Kwa hivyo tunawaomba mambo matatu. Kesho magharibi, futuruni kwa tende na maji, simameni msali, kisha ndipo mkae kwenye sahani. Wiki hii, kila mmoja wenu amuulize mzee mmoja nyumbani kwake: unatumia dawa gani, na daktari amesemaje? Na yeyote aliyekatazwa kufunga, msimuache ale peke yake jikoni kama mwizi. Mtengezeeni chakula chake kwa heshima.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Waponye wagonjwa wetu, na uwape walioacha kufunga kwa udhuru malipo ya niya zao. Utusamehe sisi tuliojibu kabla ya kuuliza. Warehemu wazee wetu waliotangulia, waliozikwa hapa na waliozikwa ng'ambo ya bahari. Na utujaalie tuwe watu wanaolitawala tumbo, wala wasitawaliwe nalo. Amin, ya Rabbal alamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.